Kusubiri Bila Kuganda: Tovuti za Biashara na Huduma za Nje Zinazochelewa

Ni nadra siku hizi kwa tovuti ya biashara kujitosheleza. Ukurasa unaomwezesha abiria wa Nyeri kukata tikiti ya matatu ya Nairobi, au unaomwezesha mkulima wa Othaya kutazama malipo ya kahawa yake, huonekana machoni pa mtumiaji kuwa kitu kimoja, ilhali nyuma yake zimo kompyuta za mashirika kadhaa zinazoulizana na kujibizana kila kitufe kinapobonyezwa: za kampuni ya simu inayohamisha fedha, za mamlaka ya kodi inayosajili ankara, za kampuni inayotuma ujumbe mfupi, na pengine za wenye ramani. Njia rasmi ambayo programu ya shirika moja huitumia kuiomba programu ya shirika jingine ifanye kazi fulani ndiyo inayoitwa API, na kila shirika linalofungua njia hiyo hutoa masharti yake, likieleza ombi liandikwe vipi, liambatane na vitambulisho gani, na jibu litarudi katika umbo gani. Jambo ambalo masharti hayo hayawezi kuliahidi kwa uhakika ni muda ambao jibu litachukua kufika.

Mwenye tovuti anaweza kununua seva yenye nguvu zaidi, akasafisha msimbo wake na kupunguza uzito wa picha, lakini hana mamlaka yoyote juu ya seva za wengine, na siku zinapoelemewa, ukurasa wake huganda pamoja nazo hata kama sehemu yake mwenyewe haina kasoro. Kwa kuwa kasi ya huduma ya nje haiko mikononi mwake, kazi inayobaki kwake ni mbili: kuhakikisha kwamba kusubiri kwa mashine hakugeuki kuwa kusubiri kwa mtu, na kumweleza mtu huyo hali halisi ya ombi lake wakati jibu bado liko njiani. Kazi ya pili hupuuzwa kuliko ya kwanza, ingawa ndiyo inayogusa mfuko wa mteja moja kwa moja.

Mji wa Kenol, katika kaunti ya Murang'a, unafaa kuwa mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu. Mji huo, uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta, umekua pale ambapo barabara ya kwenda mjini Murang'a inaachana na barabara kuu inayoelekea Sagana, Karatina na Nyeri, na kwa miaka mingi wasafiri wamekuwa wakishuka hapo kula nyama choma kabla ya kuendelea na safari. Tangu mradi wa kuipanua barabara ya Kenol, Sagana na Marua, yenye urefu wa kilomita 84, uanze kuzaa matunda, msafiri hufika upesi kuliko zamani, na mwenye haraka angependa kuagiza nyama akiwa bado Karatina ili aikute imeiva. Ichukuliwe kwamba hoteli moja ya hapo imefungua tovuti ambamo mteja huchagua kilo mbili za mbuzi, huandika namba yake ya simu, kisha hubonyeza kitufe cha kulipa kwa M-Pesa. Hoteli hiyo ni ya kubuni, lakini hatua za malipo zitakazoelezwa ndizo zinazofuatwa kila siku na tovuti za kweli kote nchini.

M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, haikuundwa kwa ajili ya tovuti. Ilikuwa huduma ya watu kutumiana fedha kwa simu za kawaida, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya pamoja na kuingia kwa mfumo mpya. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua lango liitwalo Daraja, ambalo kupitia kwake mtaalamu wa programu aliyejisajili anaweza kuunganisha tovuti yake na huduma hiyo. Sehemu ya lango hilo ambayo wateja wameizoea zaidi ni ile inayoitwa STK push, herufi zinazorejelea programu ndogo iliyomo ndani ya laini ya simu: tovuti hutuma ombi, na simu ya mteja huonyesha kidirisha kinachotaja jina la biashara na kiasi cha fedha, kikimtaka aweke namba yake ya siri.

Hatua zenyewe zinastahili kufuatwa moja baada ya nyingine, kwa maana tatizo lote limejificha katika mpangilio wake. Kwanza seva ya hoteli huomba tokeni, yaani kibali cha muda kinachodumu saa moja. Kisha hutuma ombi la malipo lenye namba ya biashara, kiasi, namba ya simu ya mteja, muhuri wa wakati wenye tarakimu 14, na anwani ya mtandaoni ambayo matokeo yatarudishwa kwayo. Kwa kawaida ombi hili hujibiwa upesi, na jibu huwa na utambulisho wa muamala unaoanza na herufi ws_CO, pamoja na msimbo 0. Kinachofuata hakiongozwi na kompyuta yoyote: mteja yumo ndani ya matatu inayoteremka kuelekea Sagana, simu imo mfukoni, mtandao unadhoofika na kurudi, namba ya siri inakosewa, au salio linakuwa pungufu. Matokeo yakishapatikana, mfumo wa Safaricom wenyewe ndio unaoipigia hodi seva ya hoteli kwenye ile anwani iliyoachiwa, na kuipa jibu la mwisho: msimbo 0 pamoja na namba ya risiti endapo fedha zimelipwa, msimbo 1 endapo salio halikutosha, 1032 endapo mteja alikatisha mwenyewe, au 1037 endapo simu yake haikupatikana.

Ule msimbo 0 wa kwanza ndio unaowaponza wengi. Hausemi kwamba fedha zimelipwa. Unasema tu kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe, na tofauti hiyo, iliyoandikwa wazi katika maelezo ya Daraja, humpita kwa urahisi mtu anayejifunza kazi hii kwa haraka. Anayeuchukulia kuwa uthibitisho huandika kwenye hifadhidata kwamba mteja amelipa, na hoteli huanza kuchoma nyama ambayo huenda isilipiwe kamwe. Kosa la upande wa pili linamuumiza mteja zaidi: mtengenezaji huiacha seva ingoje matokeo kwa sekunde kadhaa, na yasipofika huandika kwamba malipo yameshindikana na kumtaka mteja ajaribu tena. Mteja hulipa mara ya pili, halafu ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza na wa malipo ya pili huingia katika simu yake karibu kwa pamoja, akiwa na sahani moja tu ya nyama ya kuonyesha kwa fedha zote hizo.

Makosa hayo mawili yana chimbuko moja, nalo ni kudhani kwamba muamala huwa katika hali mbili tu, ya kufaulu na ya kushindwa. Kuna hali ya tatu, ya kutojulikana bado, ambayo ni hali halali kabisa ya ombi lolote lililotumwa kwa shirika jingine na halijajibiwa. Itifaki ya HTTP, ambayo ndiyo lugha ya mawasiliano ya tovuti, imeitengea hali hiyo msimbo wake, 202, unaosema kwamba ombi limekubaliwa ila kazi haijakamilika. Mfumo uliobuniwa vyema huipa hali hii nafasi yake katika hifadhidata, maneno yake kwenye skrini, na kanuni yake ya lini na kwa njia gani itafikia kikomo. Mfumo usioipa nafasi hulazimika kubahatisha, na kubahatisha kuhusu fedha za mtu ni kumkosea heshima.

Madhara ya kungoja vibaya hayaishii kwa mteja mmoja. Seva nyingi za biashara ndogo hutenga idadi maalum ya watendakazi, yaani nakala za programu ambazo kila moja hushughulikia ombi moja mpaka liishe ndipo ishike jingine. Iwapo seva ya hoteli ina watendakazi 20 na kila ombi huchukua sehemu ya tano ya sekunde, inaweza kuhudumia maombi 100 kwa sekunde, sawa na 6,000 kwa dakika, idadi ambayo hoteli ya Kenol haiwezi kuifikia hata wikendi ya sikukuu. Lakini mtengenezaji akiamua kwamba kila ombi la malipo liishikilie seva kwa sekunde 30 hadi matokeo yapatikane, watendakazi walewale 20 hawawezi kumaliza malipo zaidi ya 40 kwa dakika, na mteja wa 21, hata kama alitaka kutazama bei ya mbuzi tu, atakuta kila mtendakazi ameshikika. Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati huo kompyuta haifanyi kazi yoyote, imekaa tu ikingoja, na mwenye biashara anayeshauriwa kununua seva kubwa zaidi huwa ananunua nafasi zaidi za kungojea. Majukwaa kama Node.js, lililotolewa mwaka 2009, humwezesha mtendakazi mmoja kushika maombi mengi yanayongoja kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hupunguza makali ya tatizo hili, ingawa hayawezi kujibu swali la mteja aambiwe nini.

Dawa iliyothibitika ni kuitenga kazi ya polepole na njia anayopitia mteja. Seva inapopokea oda, huiandika katika hifadhidata ikiwa na hali ya kusubiri, huiweka kazi ya kuwasiliana na M-Pesa katika foleni, na papo hapo humjibu mteja kwamba oda imepokelewa, ikimpa anwani ya ukurasa wa oda hiyo. Programu nyingine, inayofanya kazi nyuma ya pazia bila kuonana na mteja, huchukua kazi kutoka kwenye foleni moja baada ya nyingine na kuzungumza na huduma ya nje kwa muda wowote utakaohitajika. Matokeo yakirudi, hubadilisha hali ya oda katika hifadhidata, na ukurasa wa mteja, ambao umekuwa ukiuliza kila baada ya sekunde mbili au tatu, huonyesha badiliko hilo. Zipo njia bora kuliko kuulizauliza, ambapo seva hubaki na mkondo wazi wa kumpelekea mteja habari pindi zinapotokea, lakini kwa hoteli yenye wateja wachache kwa saa, na kwa mtandao unaokatikakatika barabarani, kuuliza kwa vipindi hutosha na huvumilia mitikisiko.

Upande wa kivinjari nao una sheria zake. Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo huendesha kurasa ndani ya kivinjari, hutekeleza kwa kawaida jambo moja kwa wakati, na zamani kila ombi kwa seva lilimaanisha kuupakia ukurasa mzima upya. Mbinu ya kutuma ombi kimyakimya huku ukurasa ukiendelea kutumika ilienea baada ya Jesse James Garrett kuipa jina la Ajax mwaka 2005, na leo kila kivinjari kinaiwezesha. Hata hivyo, malipo ya simu yana kikwazo ambacho vitabu vingi vya kigeni havikitaji, kwa kuwa waandishi wake huwazia mteja anayelipa kwa kadi akiwa mezani. Mteja wa Kenya mara nyingi hutumia simu ileile kutazama tovuti na kulipa. Kidirisha cha kuomba namba ya siri huja juu ya kivinjari, mteja akimaliza huenda akafungua ujumbe kuthibitisha kwamba fedha zimetoka, na wakati huo simu yenye kumbukumbu ndogo huenda ikauweka ukurasa usingizini au ikaufunga kabisa. Kwa sababu hiyo hali ya oda haipaswi kuhifadhiwa ndani ya ukurasa pekee. Inapaswa kukaa kwenye seva, na ukurasa unapoamka uulize upya mambo yamefikia wapi, badala ya kuendelea kuonyesha duara linalozunguka kwa habari zilizopitwa na wakati.

Kuhusu muda ambao binadamu huweza kuvumilia, watafiti wamekubaliana kwa miaka mingi. Robert Miller aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1968, kompyuta zikiwa bado mashine za vyumba vizima, na Jakob Nielsen akaliweka katika viwango vinavyotumika hadi leo mwaka 1993: sehemu ya kumi ya sekunde huonekana kuwa papo hapo, sekunde moja huvumilika bila fikra kukatika, na baada ya sekunde kumi mtu huanza kushughulika na mengine. Malipo ya STK push hayawezi kutimia ndani ya viwango hivyo, kwa kuwa kuandika namba ya siri peke yake huchukua sekunde kadhaa. Kinachowezekana ni kila hatua kuonekana ndani ya muda huo. Kitufe kinapobonyezwa kibadilike mara moja na kukataa kubonyezwa tena. Ndani ya sekunde moja maneno yaonekane yanayomtaka mteja atazame simu yake. Na baada ya sekunde kumi maneno yabadilike, yaeleze kwamba matokeo bado yanasubiriwa, kwamba oda imehifadhiwa, na kwamba asilipe tena kabla ya kupata jibu. Sentensi hiyo ya mwisho, ambayo haimgharimu mtengenezaji chochote, huweza kuzuia malipo mengi ya mara mbili.

Si ucheleweshaji wote unaotokana na binadamu. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa kasi ya kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, na tovuti ya Kenya iliyokodi seva Ulaya hulazimika kuvuka maelfu ya kilomita za bahari kwenda na kurudi kwa kila swali, mara kadhaa kwa ombi moja linalohitaji usimbaji wa usalama. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipowasili Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, Afrika Mashariki ilitoka katika utegemezi wa setilaiti, ambazo kwa umbali wake wa kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini ziliongeza nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Lakini nyaya nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya eneo zima ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Tovuti iliyoandikwa kwa imani kwamba jibu litakuja daima ndani ya sekunde mbili haikuwa na la kufanya siku hizo.

Ndiyo maana kila ombi kwa huduma ya nje linapaswa kuwa na ukomo wa kusubiri uliowekwa kwa makusudi. Maktaba nyingi za programu zisipopewa ukomo huo hungoja kwa muda mrefu mno, na nyingine hungoja bila mwisho. Ukomo ukifika, swali linalofuata ni kama ombi lirudiwe, na jibu hutegemea aina ya ombi. Kuuliza hali ya hewa au orodha ya bei kunaweza kurudiwa bila madhara. Kuomba fedha hakuwezi, kwa sababu ukimya wa upande wa pili hauelezi kama ombi lilipotea likienda au jibu ndilo lililopotea likirudi. Ulinzi wake ni kuipa kila oda utambulisho mmoja wa kudumu tangu inapoanza, na kuiwekea hifadhidata kanuni kwamba oda moja haiwezi kuwa na ombi la malipo la pili wakati la kwanza bado liko katika hali ya kutojulikana. Seva ikipokea ombi lilelile mara tatu kwa sababu mteja alibonyeza mara tatu, itoe jibu lilelile bila kutenda jambo jipya, na vivyo hivyo taarifa ya matokeo ikija mara mbili na namba ileile ya risiti, ihesabiwe mara moja.

Kwa maombi yanayoruhusu kurudiwa, namna ya kurudia ni muhimu kama uamuzi wenyewe. Huduma iliyoelemewa ikipokea marudio ya papo hapo kutoka kwa kila mteja wake huzidi kuzama, na tovuti zinazojiona kuwa na bidii ndizo zinazoikandamiza. Robert Metcalfe na David Boggs, katika maelezo yao ya mtandao wa Ethernet ya mwaka 1976, walionyesha njia ambayo bado ndiyo bora: kila jaribio linaposhindwa, kusubiri kabla ya jaribio linalofuata kurefushwe maradufu, na muda huo uchanganywe na kiasi cha kubahatisha ili wanaojaribu wasirudi wote kwa mpigo mmoja.

Yapo pia mazingira ambamo kujaribu tena ni kupoteza wakati. Mwezi Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambalo kupitia kwake serikali ya Kenya hutoa huduma zake nyingi, lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika, na waombaji wa viza pamoja na wakata tikiti za treni wakataabika. Mfumo wa nje unapokuwa katika hali ya namna hiyo, kila ombi jipya hungoja hadi ukomo wake ndipo lishindwe, na watendakazi wa tovuti inayoutegemea huishia kushikika kwa kazi isiyo na matumaini. Michael Nygard, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alieneza mbinu iliyoazimwa kutoka kwa kikata umeme cha nyumbani: programu huhesabu maombi yanayoshindwa mfululizo, na idadi ikipita kiwango fulani huacha kabisa kutuma mengine kwa muda, ikimwambia mteja mara moja kwamba huduma hiyo haipatikani kwa sasa; kisha baada ya muda hutuma ombi moja la kujaribu, na likifaulu hufungua njia tena. Hoteli ya Kenol katika hali hiyo ingeweza kupokea oda na kumruhusu mteja alipe akifika, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya bila kuambiwa, ila programu huhitaji kuandikiwa.

Katika jambo hili Mamlaka ya Mapato ya Kenya imeonyesha mfano wa kuigwa. Mfumo wake wa eTIMS, unaosajili ankara kwa njia ya elektroniki, ulipanuliwa kuanzia mwaka 2023, na sheria ikaufanya kuwa sharti kwa gharama za biashara zitakazokubaliwa katika hesabu za kodi kuanzia Januari 2024. Kwa wanaounganisha mifumo yao wenyewe, mamlaka ilitoa njia mbili: OSCU, kwa mfumo ulio mtandaoni wakati wote, na VSCU, kwa mfumo unaotoa ankara nyingi au usiokuwa mtandaoni kila wakati. Mbunifu aliyeandaa njia ya pili alikubali tangu mwanzo kwamba mtandao utakatika. Haitoshi huduma ya nje kujitangaza kuwa ya kutegemewa. Inawatendea haki wanaoitegemea pale inapowapa njia ya kuendelea na kazi wakati haipatikani.

Mbinu ya kuhifadhi nakala ya jibu kwa muda, inayojulikana kama kache, husaidia mahali pake. Tokeni ya Daraja inayodumu saa moja haina haja ya kuombwa upya kwa kila mteja. Umbali wa kutoka Karatina hadi Kenol haubadiliki leo na kesho, kwa hiyo huduma ya ramani inaweza kuulizwa mara moja tu. Hali ya malipo, kwa upande mwingine, haiwekwi katika kache hata kidogo, kwa kuwa jibu la zamani kuhusu fedha ni uongo.

Upimaji wa kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupima mahali penye mtandao mzuri: mtengenezaji aliyeketi mjini Nyeri kwenye intaneti ya nyaya, akitumia mazingira ya majaribio ambamo hakuna mteja wa kweli anayetafuta simu yake mfukoni, hawezi kuona atakayoyaona abiria, na hivyo hana budi kuingiza ucheleweshaji kwa makusudi, wa sekunde tano, wa sekunde 40, na wa jibu lisilokuja kabisa. Ya pili ni kuamini wastani. Iwapo kati ya maombi 100 yapo 95 yanayochukua sekunde moja na matano yanayochukua sekunde 30, wastani ni sekunde mbili na nusu hivi, namba inayoridhisha katika ripoti, ilhali mteja mmoja kati ya 20 amengoja nusu dakika. Wachunguzi makini huuliza muda wa ombi la 95 na la 99 katika kila mia, kwa sababu hapo ndipo walipo waliokaribia kukata tamaa.

Hata baada ya hayo yote, baadhi ya majibu hayatafika. Huenda seva ya hoteli ilikuwa ikiwashwa upya wakati matokeo yalipopiga hodi, au umeme ulipotea, au anwani iliandikwa kwa herufi moja isiyo sahihi. Daraja hutoa njia ya kuuliza hali ya muamala kwa kutumia ule utambulisho wa ws_CO, na programu ya nyuma ya pazia inapaswa kuitumia kwa kila oda iliyokaa katika hali ya kusubiri kupita muda wa kawaida. Kuuliza huko kuna faida nyingine: anwani ya kupokea matokeo iko wazi mtandaoni, na mtu mwenye nia mbaya akiijua anaweza kutuma matokeo ya uongo, hivyo uthibitisho unaoombwa na hoteli yenyewe huwa salama zaidi kuliko habari iliyoletwa mlangoni. Oda chache zitakazobaki bila ufumbuzi hulinganishwa kila jioni na taarifa ya miamala ya M-Pesa ya biashara, risiti kwa risiti, na yule aliyelipa mara mbili hurudishiwa fedha zake kabla hajapiga simu kuzidai.